Ripoti ya Mwaka, Ukurasa wa Tisa

Nimeagizwa nipige chapa: nyumba mia moja arobaini.
Napiga. Kisha nafuta, maana Ndosho nilikwenda mwenyewe,
makoro yakararua viatu vyangu vya kanisani,
nikahesabu kuta kwa kidole kama mtu anayehesabu watoto
baada ya kuvuka barabara:
mia moja na kumi na mbili.
Arobaini na moja hazina mlango.
Kumi na tisa tu ndizo zinazotoa moshi.

Mkuu wetu, Bwana Nzanzu, si mwongo.
Anahesabu na zile zilizochorwa.
"Ramani ni nyumba inayongoja," huniambia.
Mimi nimelala katika mengi yanayongoja,
ila ndani ya ramani bado.

Huku Goma kuchimba msingi ni maneno ya wageni.
Mlima ulishatumwagia msingi, mtaa kwa mtaa, bila kandarasi,
bila kuuliza nani amelala wapi.
Nyundo ikigonga, jiwe linajibu kwa cheche.
Choo kimoja, cha bajeti ya wiki moja,
kilikula miezi miwili na patasi kumi na saba,
mafundi wakakipa jina: Mheshimiwa.
Hilo sikuliandika. Niliandika "changamoto za udongo,"
ingawa udongo ndio hasa uliokosekana.

Nyumba ya themanini na nane alipewa Kahambu,
muuza sombe.
Siku ya sherehe alikabidhiwa ufunguo, akapigwa picha;
picha iko ukurasa wa tatu, ya rangi.
Ufunguo anao. Kitasa bado kiko njiani.
Mlango, hata njia haujaianza.
Basi akamwita Bauma wa chukudu,
akamletea mbao za masanduku ya sabuni,
na sasa nyumba ya mji inafungwa kwa waya,
na mlangoni pasomeka, kichwa chini miguu juu, SABUNI SAFI.
Nilipofika aliufungua ule waya
mizunguko saba, polepole, kwa heshima zote,
kama anayefungua benki.
"Ingia, mama wa ofisi. Hakuna tena wa kunigongea akidai kodi."
Akagonga ukuta kwa ngumi. Haukutikisika.
Akanitazama kama nimesikia.
Akaugonga tena.

Sasa ukuta ule niuweke wapi kwenye jedwali?
Kuna safu ya zilizopangwa, safu ya zilizokamilika,
safu ya asilimia, ambayo wafadhili huanza nayo
na mara nyingi huishia hapo.

Kiambatisho cha pili ni orodha ya wanaosubiri.
Masika Ndungo, mpangaji, nyumba ya mbao, Mabanga:
ndiye mimi. Kila Desemba najipiga chapa mwenyewe.
Mwaka jana nilikuwa wa elfu mbili mia tatu na saba.
Mwaka huu, elfu mbili mia mbili tisini na moja.
Hatua kumi na sita!
Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi:
miaka mia moja arobaini na mitatu.
Kitukuu changu atakuwa mzee wa mkongojo.
Nimeanza kumwekea waya.

Saa kumi na moja umeme ukaenda zake.
Bwana Nzanzu akaja na tochi ya simu,
akainamia ukurasa wa tisa.
Alikuta mia moja na kumi na mbili,
na chini yake, kwa herufi ndogo, niliyoyaongeza:
*Tazameni nyumba ya 88. Gongeni ukuta.*
Alisimama muda mrefu. Nje mtu alikuwa anashusha mabati,
kelele yake ikaingia ofisini, ikakaa nasi.
Kisha akachomoa kalamu mfukoni
akaongeza neno moja mbele ya *Gongeni*:
*Tafadhali*.

Namba hakuigusa.
Wala sahihi hakutia.